Vyumba Vinane, Madeni ya Vyumba Tisa

Jina la Mama Tarehe alipewa na wapangaji, si na wazazi wake. Kila tarehe tano ya mwezi, saa moja kamili asubuhi, alikuwa akitoka kwenye nyumba yake kubwa ya mbele, kitabu cha risiti kwapani na kalamu sikioni, anaupitia mlango mmoja baada ya mwingine wa vyumba vyake vinane vya uani. Anagonga mara tatu. Hakuuliza habari za kulala wala za watoto. Alisema tu, "Leo ni tarehe," na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali, kule mafaili yanakoingia na kutoka. Alistaafu na sifa ya kutowahi kupoteza karatasi hata moja. Lakini masjala ilimfundisha pia jambo ambalo baadaye lilimponza: kwamba shauri halimaliziki, husogezwa. Faili likikaa mezani kwako ni mzigo wako. Ukiliandikia "kwa hatua zaidi" na kulisukuma meza ya pili, ni mzigo wa mwenzako, nawe waweza kwenda kunywa chai.

Kiinua mgongo chake kilitosha kujenga vyumba vitano. Yeye alitaka vinane, kwa hiyo akakopa benki. Vyumba vikasimama bila paa, akachukua mabati kwa mkopo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Rejesho la benki lilipochelewa, akakopa ushirika wa wastaafu alipe benki. Ushirika ulipoanza kulalamika, akaenda kwa mtu mmoja wa kona ya mtaa aliyeitwa Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu. Mjomba hakuwa na fomu wala foleni. Alikuwa na daftari la kurasa mia mbili na riba ya kila wiki. Ndivyo mama wa watu alivyoruka majivu akakanyaga moto, na alipokuwa akiruka alijiona hodari, kwa sababu kila deni lilikuwa na faili lake la rangi yake, na kila mwezi lilikuwa limesogezwa.

Hesabu zake alizifanya kwa vyumba, kwani ndivyo zilivyomwingia akilini. Benki ilikula kodi ya vyumba vinne. Ushirika ulikula viwili. Duka la vifaa, kimoja. Mjomba peke yake alikula viwili. Jumla vyumba tisa, na yeye alikuwa navyo vinane.

Tena katika hivyo vinane, vitatu vilikuwa vitupu. Cha sita mlango wake ulivimba kwa mvua hata mpangaji wa mwisho akawa anauingia kwa bega. Cha saba bomba lake lilikuwa likikohoa tu. Cha nane kilivuja. Mama Tarehe hakuvitengeneza kwa sababu mafundi walitaka fedha mkononi, na fedha ya mkononi haina meza ya pili ya kusogezewa.

Basi ikaja barua ya benki. Ilisema kwamba Alhamisi, saa nne asubuhi, afisa mikopo angefika "kujiridhisha juu ya hali ya dhamana." Mama Tarehe alikuwa ameandika barua za namna hiyo maisha yake yote, akajua maana yake. Jioni ile ile akawaita wapangaji uani, akawatolea viti vya sebuleni, jambo ambalo lilitosha kuwatia wasiwasi.

"Wanangu," alisema.

Msusi wa chumba cha kwanza akamtazama muuguzi wa chumba cha pili. Hawakuwahi kuitwa wanangu.

"Benki wakiona vyumba vitupu watauza hapa. Akija mwenye nyumba mpya, msidhani atakuwa na huruma kama mimi."

"Huruma ipi, Mama?" akauliza Bwana Kesho, fundi simu wa chumba cha tatu. Jina hilo alilipata kwa jibu lake la tarehe tano. Alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na alikuwa mtu pekee uani aliyeweza kuulizia huruma huku akidaiwa.

"Huruma ya wewe kuwa bado umekaa kwenye hicho kiti."

Wakacheka, naye akawaeleza mpango. Kwa saa moja ya Alhamisi, vyumba vyote vinane viwe na watu. Wa chumba cha nne na cha tano walitoka kazini jioni, kwa hiyo vyombo vyao vingetosha kuwasemea. Vile vitupu vitatu vilihitaji nguo kambani, sufuria jikoni, viatu mlangoni, na mtu wa kuitikia hodi.

"Mimi nitaingia cha sita," msusi akasema. "Lakini Mama, kioo changu kilipasuka kwa upepo wa dirisha lako."

"Utapata kioo."

"Mimi cha saba," muuguzi akasema. "Ila taa ya chooni iwake usiku kucha, si mpaka saa tatu."

Mama Tarehe akahesabu kidogo kwa vidole. "Itawaka."

Bwana Kesho alikuwa amekunja nne, anautazama mguu wake mwenyewe. "Cha nane kinavuja," alisema taratibu. "Kukaa kwenye chumba kinachovuja, hata saa moja, ni kazi ya hatari. Tuseme ule mwezi mmoja wa nyuma tumeusahau."

"Mimi sisahau mwezi."

"Basi na mimi Alhamisi nina wateja."

Waliuvuta mwezi ule kama kamba kwa robo saa, hadi wakakubaliana nusu. Mama Tarehe akaenda kulala akiwa na kioo, taa na nusu mwezi vya kulipa. Kwa mara nyingine alikuwa amekopa ili adaiwe vizuri.

Alhamisi afisa mikopo alifika kwa miguu, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, mkoba mweusi begani. Alitoa shikamoo ya heshima, akakataa soda, akaomba kuanza na chumba cha kwanza.

Msusi alikuwa mlangoni pake anachana nywele za mteja. Afisa akauliza kodi, akaandika. Chumba cha pili, muuguzi katika sare nyeupe, anasema anajiandaa kwenda zamu. Akaandika. Cha tatu, Bwana Kesho ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Akaandika. Cha nne na cha tano vilifungwa, lakini dirishani palionekana kitanda, pasi na picha za ukutani. Mama Tarehe akasema maneno mengi kuhusu watu wa cha nne na cha tano, mengi kuliko aliyoulizwa, maana nyuma ya nyumba wapangaji wake walikuwa wanakimbia.

Kwenye chumba cha sita mlango ulikataa. Afisa akasukuma, ukakataa. Sauti ikatoka ndani: "Tumia bega, kaka." Akatumia bega, akaingia kwa kasi kuliko alivyokusudia, akamkuta mwanamke amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi anachambua mchele.

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Hapa pazuri sana. Nimekaa miaka mingi," akasema msusi.

"Mlango hausumbui?"

"Unanipa mazoezi."

Kwenye cha saba palikuwa na muuguzi, sare nyeupe, anajiandaa kwenda zamu.

Afisa alitazama karatasi yake. "Dada, hatujaonana sasa hivi?"

"Yule ni mwenzangu," muuguzi akasema bila kupepesa. "Hospitali yetu ina wauguzi wengi."

"Naona." Akaandika. Kisha akaenda kwenye bomba lililokuwa kona ya chumba, akalifungua. Bomba likakohoa mara mbili, likatema kijitone cha kutu, likanyamaza. Muuguzi akalitazama kama mgonjwa asiye wa wodi yake.

Kwenye cha nane alikuwapo mzee mwenye kofia ya sufi na miwani ya jua, amejilaza juu ya mkeka. Alisema yeye ni fundi wa majokofu na kwamba macho yanamuuma. Afisa akampa pole, akauliza kodi, akaandika. Halafu akainama kufunga kamba ya kiatu chake, akakaa huko chini muda mrefu kidogo kuliko kamba ilivyohitaji.

Walipotoka aliomba kuona mita za umeme. Zilikuwa nane, kwenye ubao mmoja ukutani. Tano zilikuwa zinazunguka. Tatu za mwisho zilikuwa na utando wa buibui, na buibui mwenyewe, mnene, aliyetulia, alikuwa katikati ya mita ya chumba cha saba. Afisa akampuliza kidogo. Buibui hakujali, alikuwa mpangaji wa siku nyingi.

"Mama," akasema yule kijana, bado kwa upole, "nimehesabu wapangaji wanane. Lakini fundi simu wa chumba cha tatu amevaa kandambili moja ya bluu na moja ya kijani. Na fundi wa majokofu wa chumba cha nane naye amevaa moja ya bluu na moja ya kijani."

Mama Tarehe alifikiria kusema kwamba ndizo zilizouzwa kwa wingi mwezi ule. Uongo ulifika hadi mdomoni, ukakuta mlango umefungwa. Akakaa kwenye ngazi.

"Mwanangu, mimi nimechoka," alisema. Na ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya mtu.

Afisa naye akakaa, ngazi ya chini yake. "Niletee karatasi za mikopo yote. Si ya benki tu. Yote."

Alimletea mafaili manne. Kijana alifungua la kwanza, akafungua la pili, akarudi kwenye la kwanza. Kila risiti ilikuwa imebandikwa kwa tarehe. Kila barua ilikuwa na namba. Palikuwa na orodha ya yaliyomo mwanzoni mwa kila faili, na mihtasari kwa wino mwekundu.

"Katika kazi yangu," alisema mwishoni, "sijawahi kuona madeni mabaya yaliyotunzwa vizuri namna hii." Kisha akaweka kidole kwenye faili la Mjomba. "Huyu ulimkopa kiasi gani mwanzo?"

Akamwambia.

"Na mpaka leo umemlipa kiasi gani?"

Mama Tarehe alipekua faili hadi mwisho, akarudi mwanzo. Alikuwa na kila risiti, lakini hakuwa amewahi kuzijumlisha. Masjala haijumlishi, masjala inatunza. Kijana akazijumlisha palepale kwenye simu yake, akamwonyesha kioo. Alichomkopa Mjomba alikuwa amekilipa, pamoja na riba waliyopatana, mwaka mmoja na miezi mitano iliyopita. Tangu hapo alikuwa akilipa riba ya riba, na riba ya kuchelewesha riba, yaani alikuwa akilipia hewa.

Mama Tarehe alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

Ushauri wa afisa ulikuwa mfupi, nao ulimchoma. Benki ingeweza kuunganisha deni lake na yale ya ushirika na duka kuwa deni moja la miaka mingi zaidi, rejesho la mwezi lishuke hadi kodi ya vyumba vitano. Lakini alihitaji mdhamini. Alihitaji kuvitengeneza vyumba vitupu, kwa sababu chumba kitupu nacho ni mdai, anakula kila mwezi na hata risiti hatoi. Halafu yule kijana akaitazama nyumba kubwa ya mbele, yenye vyumba vitatu vya kulala, baraza na bafu la ndani, ambamo mwanamke mmoja alikuwa akiishi na seti mbili za makochi.

"Hii ungeipangisha ungepata kodi ya vyumba vitatu," alisema.

"Na mimi nikae wapi?"

Kijana aliutazama tu ule mlango wa chumba cha sita.

Kwanza alimmaliza Mjomba. Asubuhi ya Jumatatu alikwenda kwenye kibanda chake cha kona akiwa amevaa gauni lake la ofisini na kubeba faili, wino, muhuri wa zamani wenye tarehe na kiti chake mwenyewe. Mjomba alikuwa na wateja wanne wanasubiri kukopa.

"Nimekuja tufunge hesabu," akasema Mama Tarehe, akaketi. "Tutaanza na malipo ya kwanza. Nitasoma, wewe utathibitisha, utatia sahihi. Yako mia moja na kumi na mbili."

"Mama, hayo tutaongea siku nyingine."

"Namba moja," akasoma, kwa sauti ile ya masjala iliyokuwa ikisikika hadi ngazi ya pili. Akasoma tarehe, kiasi, riba. Wateja wanne wakageuza shingo. Kufikia namba tisa, wawili walikuwa wameanza kuhesabu vidoleni madeni yao wenyewe. Kufikia namba ishirini na tatu, mmoja alisema amekumbuka ameacha kitu jikoni, akaondoka. Aliyekuwa nyuma yake naye akakumbuka jiko lake.

"Mama yangu," Mjomba akasema kwa sauti ya chini, "unataka nini?"

"Nataka twende taratibu. Namba ishirini na nne."

Kwenye namba thelathini na moja Mjomba alilifungua daftari lake, akapiga mstari juu ya jina la mdaiwa wake, akaandika "ameshalipa." Mama Tarehe akamwambia aandike vizuri, kwa maneno kamili, na tarehe. Kisha akapiga muhuri juu yake. Ulikuwa muhuri wa ofisi iliyokwisha kuvunjwa na hauna nguvu yoyote, lakini Mjomba alipouona alisogeza kiti nyuma.

Lililobaki lilikuwa mdhamini, na hapo ndipo penye kazi, kwani mtu pekee aliyefaa alikuwa wifi yake.

Wifi alikuwa dada wa marehemu mume wake, mwalimu mstaafu wa hesabu. Katika maisha yake hakuwahi kukopa hata chumvi. Kwa miaka arobaini wawili hao walikuwa wamepatana kama wifi na wifi wanavyopatana: kwa salamu ndefu na macho mafupi. Mama Tarehe alimweleza yote, hakuacha hata kandambili. Wifi alisikiliza akimenya chungwa, ganda likitoka mzunguko mmoja bila kukatika.

"Nitatia sahihi," akasema. "Kwa sharti moja. Kodi nitakusanya mimi. Vyumba vyote."

"Vyumba vyote saba, sawa."

"Vyote vinane, wifi yangu. Na cha kwako."

"Nilipe kodi kwenye chumba changu mwenyewe?"

"Chumba si chako, ni cha deni. Deni likiisha kitakuwa chako. Una pensheni, utalipa kama wenzako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Daktari wa mifugo, mke wake na watoto wao watatu wakahamia nyumba kubwa, wakalipa miezi sita mbele. Fedha hiyo ikaziba paa la chumba cha nane na kuponya kikohozi cha bomba la cha saba. Mama Tarehe akahamia chumba cha sita na kitanda, kabati, redio na kochi moja ambalo lilibidi liingie kwa dirisha baada ya kung'oa fremu.

Mwezi wa kwanza alijifunza mambo ambayo miaka minne ya kugonga milango haikumfundisha. Kwamba kuta zake alizojisifu kuwa imara zilipitisha hata kikohozi. Kwamba bafu moja kwa vyumba vinane maana yake ni kuamka saa kumi na moja kushika foleni na ndoo, na kwamba msusi akiingia bafuni huimba, na akiimba hatoki. Kupitia ukuta alisikia pia mtu akimwigiza: "Leo ni tarehe." Uigaji ulikuwa mzuri hata akatabasamu gizani, kisha akajiuliza kama kweli sauti yake ilikuwa ikitokea puani.

Wifi alikuja tarehe tano, saa moja kamili. Yeye alisalimia, akauliza hali, akapokea, akaandika. Wapangaji wakamwambia Mama Tarehe kwamba wifi yake ni mtu mwenye adabu. Alilimeza hilo kama kidonge kisicho na maji.

Mwezi wa tano Mama Tarehe hakuwa na kodi.

Pensheni ilikuwa imeingia, lakini ilikuwa imetoka kwa njia ambayo hakutaka wifi aijue. Usiku wa tarehe nne aligonga mlango wa Bwana Kesho.

"Wewe," akanong'ona, "zile tarehe tano ambazo hukunijibu 'kesho', nilikuwa nikikuta kufuli mlangoni kwako. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Bwana Kesho akaona haya kidogo, halafu akaona fahari. "Nilikuwa ndani, Mama. Msusi alikuwa ananifungia kwa nje. Ukishapita anafungua."

Mama Tarehe alimtazama mtu huyu aliyemdanganya kwa kufuli la bei ndogo. Alitaka kukasirika, muda haukutosha. "Na kikohozi unakizuiaje?"

"Mto, Mama. Unaweka uso kwenye mto."

Asubuhi wifi alikuta kufuli kubwa limening'inia kwenye mlango wa chumba cha sita. Msusi, akisuka mteja barazani, alisema Mama ametoka mapema, labda ameenda kliniki.

Mwalimu wa hesabu alilitazama kufuli. Akatazama chini ya mlango. Akavuta kigoda, akakiweka palepale mbele ya mlango, akakaa, akatoa chungwa.

"Nitamsubiri," alisema. "Hebu nikae na wewe tuongee. Huyu wifi yangu, wewe unamjua tangu lini?"

"Miaka minne, Bibi."

"Mimi arobaini. Marehemu kaka yangu alimpenda sana, lakini alikuwa akiniambia siri. Alisema, dada, mke wangu maharage hayamwivii. Anayachemsha tangu asubuhi, jioni bado yanagonga meno."

Ndani ya chumba, kitanda kililia kidogo.

"Kumbe," akasema msusi, vidole vimesimama kwenye utosi wa mteja.

"Ndiyo. Basi nilikuwa nampelekea maharage yangu, kaka anakula, halafu anasifu ya mke wake. Na siku ya harusi yao, unajua ni nani alichelewa? Si bwana. Watu wamekaa saa tatu nzima, bibi harusi anatafuta kiatu, na kiatu anacho mguuni."

Kitanda kililia tena.

"Na hata huko masjala wanakomsifu, nasikia waliwahi kupoteza faili zima la..."

"Uongo huo," ikasema sauti ya Mama Tarehe kutoka ndani ya mlango uliofungwa kwa kufuli.

Mteja wa msusi aliacha kupumua. Wifi alimaliza kumenya, ganda refu likaanguka pajani.

"Wifi yangu," akasema kwa upole, "umerudi lini kutoka kliniki?"

Msusi alifungua. Mama Tarehe alitoka, alama ya mto shavuni. Nyuma yake, wifi aliona kile kilichozuia kodi: karatasi ya malipo ya awali ya matofali elfu moja na mia mbili, imebandikwa vizuri, imeandikwa namba, kwenye faili jipya kabisa.

"Matofali," wifi akasema.

"Chumba cha tisa," akajibu, kwa sauti ndogo. "Pale penye kamba ya nguo panatosha. Muuzaji amekubali niendelee kulipa pole pole."

Wifi alikaa tena kwenye kigoda. Kwa muda mrefu mabega yake yalitikisika, na Mama Tarehe, aliyedhani amemliza, alichelewa kutambua kwamba anacheka. Mwalimu yule hakuwa amecheka mbele yake tangu kabla ya msiba. Kicheko kikamwambukiza msusi, kikamwambukiza mteja mwenye kichwa nusu, na mwisho kikampata Mama Tarehe mwenyewe, ambaye alicheka hadi akashika ukuta.

"Chumba hapana," wifi akasema alipoweza kusema. "Lakini matofali hayarudi. Sasa niambie, wewe unayeishi hapa. Watu wa uani wanalilia nini?"

Mama Tarehe hakuhitaji kufikiri. "Bafu," alisema.

Matofali elfu moja na mia mbili yalitoa mabafu mawili na choo kimoja, na kuta zake hazikuhitaji mkopo, kwa sababu wapangaji wenyewe walibeba maji na mchanga Jumamosi mbili, Bwana Kesho akiwa msimamizi aliyesimamia zaidi kuliko alivyobeba. Habari ya ua wenye mabafu matatu ilienea. Cha saba na cha nane vikapata watu ndani ya mwezi huo, na kukawa na majina matano kwenye orodha ya wanaosubiri. Kodi yake ya mwezi ule Mama Tarehe aliilipa kwa awamu mbili, na wifi alimwandikia risiti zote mbili.

Deni lilichukua miaka saba. Halikwenda kwa mstari ulionyooka. Mwaka wa tatu daktari wa mifugo alikosa kazi kwa miezi minne, nao wakamvumilia, na benki nayo ikawavumilia wao baada ya Mama Tarehe kuandika barua ya kurasa nne yenye viambatisho kumi na sita, ambayo yule afisa mikopo alisema waliijibu haraka ili asiandike nyingine. Mwaka wa tano Bwana Kesho alioa, akaanza kulipa tarehe nne, na hakuna aliyejua mkewe alimfanya nini.

Walipomaliza, daktari wa mifugo aliuliza kwa hofu kama ahame sasa, mwenye nyumba arudi kwake. Mama Tarehe aliingia nyumba kubwa kuitazama. Alipita vyumba vyote vitatu, akafungua bomba la bafu la ndani, akalifunga. Akasema familia ikae, ila wapunguze kupigilia misumari ukutani.

Alichokitaka kilikuwa kingine. Chumba cha saba kilikuwa kimebaki wazi mwezi huo, na wifi, ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkataza kuja kwa miguu kila tarehe tano, alikuwa amekubali kuhamia pale, kwa kodi kamili, asisikie habari ya punguzo. Wakamwita fundi atoboe mlango kati ya cha sita na cha saba.

Fundi alipima, akakata, akaweka fremu, akabakiza komeo. Akauliza liwekwe upande gani.

"Upande wangu," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Fundi alisubiri. Msusi alitoka kusikiliza, akaegemea nguzo. Mama Tarehe alitoa sababu tatu, wifi akazijibu kwa mpangilio, ya tatu kwanza. Wakarudi kwenye harusi, wakapitia maharage. Mwisho fundi, aliyekuwa analipwa kwa kazi na si kwa saa, alikwenda dukani akanunua komeo la pili kwa fedha yake, akalipiga upande wa pili wa mlango, akakusanya vyombo vyake na kuwaacha bado wanabishana.

Mchana ule ule alisikika Mama Tarehe akigonga mlango mpya.

"Nani?" akauliza wifi.

"Mimi. Una chumvi?"

"Ninayo," akasema wifi. Komeo likasogea. "Lakini hiyo sikukopeshi. Nakupa."